Mkono Nyuma ya Kioo

...na kioo chenyewe ni cha kabati letu, kimeng'olewa mlangoni kikasimamishwa katikati ya meza kama ukuta, mkono wa kulia wa mzee wangu upande ule, mbele ya kioo, wa kushoto upande huu, nyuma, mapajani mwangu, umekufa ganzi tangu kiharusi kimwangushe, naukanda kwa mafuta ya uvuguvugu, na binti wa mazoezi kutoka hospitali anasema, "Babu, tazama kioo, usitazame mkono, fumba, fumbua, huo unaouona humo ndio wa kushoto," haya, mimi nikimwita mama wa mizizi naambiwa mshirikina, mwenye koti jeupe akimdanganya mtu mzima kwa kioo hiyo ni elimu... kikombe cha mizizi kiko chini ya kiti changu, nimekifunika kisahani, nangoja aondoke, maana keshanionya, "Bibi, mafuta endelea nayo, ila dawa ya kunywa niambie kwanza, babu anameza vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, vikikutana na nyingine anaweza kuvuja damu kichwani," ananibembeleza kama mtoto anayenyang'anywa kisu, mtoto wa juzi huyu, "Sasa gumba na kidole cha pili, babu, viguse, kama umeshika kitambaa," kitambaa, anamfundisha nani, fundi cherehani aliyevalisha nusu ya mji, mkono wa kulia mkasi, wa kushoto kupima nguo, siku ya kwanza kuniona hakunipa hata salamu, alishika pindo la gauni langu akalisugua kwa vidole viwili, akasema, "Hiki kitachuja," na kikachuja, nami nikaolewa naye, akili zangu sijui nilizipeleka wapi... "Bibi, unanisikia?" "Nakusikia, mwanangu, aliyepooza si mimi," mzee anacheka kwa nusu ya mdomo, mate yanamtoka, nitayafuta, ngoja, kuna mdudu mapajani, anatambaa kwenye gauni, ngoja, si mdudu, mikono yangu nimeiondoa, siukandi mkono wake, siugusi, na gumba linakwenda, linarudi, limebana gauni langu na kidole cha pili, Mungu wangu, hakuna anayeona, binti macho kwenye kioo, mzee macho kwenye kioo, ni mimi tu, nimenyamaza kama siku ile mwanangu wa kwanza alipocheza tumboni nikaogopa kupumua asije akaacha... mafuta haya, au kioo, mizizi sio, hajainywa, basi mkono haukufa, ulipotea njia huko kichwani, na kichwa kimeuona kwenye kioo cha kabati kikauita, nao umeitika, kichwa gani hiki, chepesi kudanganywa na kizito kuelewa, nami nilitaka kukimiminia kikombe nisichojua kina nini, mama wa mizizi mwenyewe nilipomuuliza alisema we mpe tu... nitakitoa, nitamwambia, binti, nusa hiki, uniambie, akinisema na aniseme, mdomo ninao wa kumjibu, lakini si sasa, sasa sitikisiki, "Fumba, babu, fumbua," mzee anatazama kioo, na huku nyuma vidole viwili vinasugua gauni langu, polepole, vinalipima, najua kabisa vinasema nini, na ni kweli, nililinunua la bei rahisi.