Gololi za Mkono wa Kulia

Mzee Mbonile alikuwa fundi wa malori pale Tunduma, na hasira zake zilijulikana mpaka kwa Wazambia waliomletea magari kutoka ng'ambo ya mpaka. Kiharusi kilipompata hakikumpunguzia hasira hata chembe. Kilichukua mkono wa kulia na nguvu za mguu, kikamwachia mdomo mzima. Kingekuwa na huruma kingechukua mdomo.

Binti yake, Tumpe, alikuwa chuoni Mbeya akisomea ualimu wa chekechea. Mama alishafariki na ndugu wengine hana, kwa hiyo alipopigiwa simu alifunga begi akarudi nyumbani. Aliwaaga wenzake akisema ni wiki mbili tu. Wakati ule watu walikuwa wanapanda mahindi, na sasa walikuwa wanavuna.

Tatizo lilikuwa mkono. Wa kushoto ulikuwa na kazi ya kushika fimbo, na bila fimbo mzee hatembei. Basi wa kulia usipofanya kazi, hawezi kubeba kikombe cha maji, hawezi kuinjika uji, hawezi kuachwa peke yake. Shangazi Fides, dada yake aliyeolewa Ihanda, alisema wazi kwamba ana shamba la kahawa na ana mume mgonjwa. Atakuja Jumamosi kwa Jumamosi, zaidi ya hapo asidanganye mtu. Na chuoni nako walishapiga simu: muhula ukifunguliwa Tumpe hayupo, nafasi yake anapewa mwingine. Kila kitu kikawa kinasubiri vidole vya mzee mmoja mkaidi.

Hospitali walisema vidole vipewe kazi ndogondogo. Kazi ndogondogo ndizo alizosomea Tumpe. Alinunua gololi dukani, zile za kioo zenye rangi katikati, akaanza kumfundisha baba yake kama anavyofundishwa mtoto wa miaka minne. Alikata milango kwenye boksi la viatu, gololi zisukumwe zipite chini yake. Alikandika udongo wa mfinyanzi juu ya ubao, akachora vijia vya kupindapinda, gololi iingie huku itokee kule. Siku nyingine alitandika karatasi kwenye sinia, akachovya gololi kwenye rangi, mzee aziviringishe mpaka zichore.

"Umenirudisha chekechea," alisema Mzee Mbonile. "Mimi niliyeshusha injini kubwa kuliko kitanda hiki!"

"Viringisha, baba."

"Niviringishe nini? Si inaviringika yenyewe?"

Lakini aliviringisha, kwa kiganja, maana vidole vilikataa. Mistari myekundu na ya kijani ikagongana hovyo karatasi nzima. Tumpe aliibandika ukutani, na mzee akawaambia wageni kwamba ile ni ramani ya foleni ya malori pale mpakani. Siku hiyo walicheka wote wawili mpaka mzee akapaliwa. Tumpe akaamini kabisa kwamba watashinda.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa ya bakuli. Gololi zinamwagwa kwenye sinia, mzee azichukue mojamoja kwa mkono wa kulia, azitie kwenye bakuli la bati. Wiki baada ya wiki vidole viligusa tu, gololi zikakimbia. Mwisho mzee akaacha kutukana, na kule kutotukana kulimtisha Tumpe kuliko kiharusi chenyewe. Mchana alikuwa anageukia ukutani, uji unapoa pembeni, na ukimsemesha anajibu kwa pumzi.

Halafu, muhula ulipokaribia, mambo yakageuka. Mzee alisema hataki kuangaliwa.

"Ukinikodolea macho mkono unaona haya. Nenda nje huko."

Tumpe akaenda uani kufua. Kupitia dirishani akasikia gololi moja ikigonga bati. Kimya kirefu. Ikagonga nyingine. Kisha moja ikaanguka sakafuni, ikabingirika, mzee akailaani gololi, na kiwanda, na ukoo mzima wa aliyeiuza. Tumpe alipoingia, gololi zote zilikuwa bakulini na baba yake uso umelowa jasho. Alipiga vigelegele hadi Fausta, jirani yao, akaja mbio akidhani kuna mahari imepokelewa.

Ikawa hivyo kila siku, na kila siku mzee alikuwa mwepesi kidogo kuliko jana. Tumpe alianza kulala usingizi. Alianza pia, ingawa hakumwambia mtu, kuwaza darasa lake na wenzake.

"Umejionea mwenyewe," mzee alisema. "Kakate tiketi."

Akaenda akakata.

Siku moja kabla ya safari alikuwa anaanua nguo uani, na upepo wa Tunduma, usiojua adabu, ukapeperusha pazia. Tumpe akaona ndani. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja, umetulia kama kitambaa kilichosahauliwa. Wa kushoto ndio uliokuwa kazini. Ulichukua gololi, ukangoja hewani, ukangoja tena, ndipo ukaiachia. Kisha baba yake akachagua moja, akaitupa sakafuni makusudi, akaanza kulaani. Alipomaliza alichovya ncha ya kanga ya marehemu mama kwenye kikombe cha maji, akajipaka usoni.

Tumpe alisimama na nguo mikononi. Angeweza kuingia. Akiingia hasafiri, na baba atageukia ukutani tena, na mara hii hatageuka huku. Hilo alijiambia, na lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na kweli nyingine, na hiyo ndiyo iliyomtia aibu mpaka masikio yakawaka: alitaka kuondoka. Alitaka sana. Akangoja palepale uani mpaka gololi ya mwisho ilipogonga bati, akakohoa, akaingia.

"Hongera, baba."

"Mkono umepona huu," alisema mzee.

Asubuhi, Jumamosi, Shangazi Fides alikuwa ameshafika. Begi lilikuwa mlangoni, na dereva wa bajaji nje anapiga honi. Tumpe akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake ili amuage, kama alivyolelewa, kwa kupeana mkono wa kulia. Blanketi lilikuwa limemfunika mzee mpaka kifuani. Chini ya blanketi bega la kulia lilipanda, likatetemeka, likashuka. Likapanda tena. Mzee alikaza midomo, macho ameyaelekeza dirishani.

Tumpe hakungoja lipande mara ya tatu. Alitoa mkono wake wa kushoto.

"We Tumpe!" Shangazi Fides alifoka. "Baba yako unampa mkono wa kushoto? Chuo ndiyo kimekufundisha hivyo?"

Mzee Mbonile aliutazama ule mkono. Kisha akamtazama binti yake usoni, kwa muda, na Tumpe hakuinamisha macho.

"Mwache, Fides," alisema. "Nimemfundisha mimi."

Akatoa wa kwake wa kushoto, akamfinya vidole mpaka vikauma, akamwambia aondoke upesi, gari litamwacha.