Ya Kupima Tu

Sogeeni karibu, wajukuu, niwaulize: ni kitu gani kinachokuomba unyamaze, kisha kikaondoka na sauti yako? Msijibu upesi. Provia Ajambo naye hakulijua jibu asubuhi ile, alipokuwa akitandaza mukene, dagaa wa ziwani, juu ya gunia na kufukuza nzi kwa kipande cha boksi.

Wateja wake wengi hutoka ng'ambo, Wakenya wanaovuka mpaka wa Busia kwa miguu na vikapu vyao, na samaki hao wao huwaita omena. Bei kutoka ziwani ilikuwa imepanda tena wiki hiyo. Wauzaji wengine walikuwa wamegonga mikebe yao kitako ili kipimo kipungue. Mkebe wa Provia ulikuwa mzima bado, ndiyo maana watu walimfuata. Halafu kulikuwa na sauti yake. Kila alasiri yeye ndiye aliyeshika spika ya Soko la Mawe Matatu: mtoto amepotea, nyanya zimeshuka, fulani amefiwa. Provia akisema jambo, soko zima lililichukua kuwa kweli.

Saa tatu alifika Okurut, afisa wa soko, na vijana wawili. Hudson, wa Tororo, ndiye dairekta. Luke alikuwa wa sauti, amevaa vidude masikioni.

"Mama Provia, leo unakuwa staa," Okurut alisema. "Tunapiga video ya soko jipya. Ijumaa wafadhili wanaangalia, Jumatatu greda inaingia hapa."

Soko hilo jipya lilikuwa kilomita nne kwa ndani, mbali na mpaka. Hakuna Mkenya atakayetembea mpaka kule kwa mkebe mmoja wa omena. Wanawake walikuwa wameitwa mikutano mitatu, na mara zote tatu walikataa. Provia alikubali kuhojiwa kwa sababu alidhani atayasema hayo hayo.

Hudson alianza kwa kupanga vitu. Nzi hawakutakiwa, kwa hiyo mukene ikafunikwa turubai, na mbele ya Provia likawekwa beseni la nyanya la jirani yake, Sharifah. Akavishwa aproni nyeupe yenye mikunjo ya dukani.

"Sasa mimi nauza nyanya?"

"Kwa video, ndiyo. Usiangalie kamera, niangalie mimi. Na sikia, mama: sauti yangu tutaikata. Kwa hivyo swali langu uliweke ndani ya jibu lako. Nikiuliza unaitwa nani, usiseme Provia peke yake. Sema, ninaitwa Provia. Jibu lisimame lenyewe."

Alielewa mara moja. Akataja jina, akataja miaka aliyouza pale. Hudson akakunja uso.

"Tabasamu basi. Unauza nyanya ama unazika mtu?"

"Nyanya ni zangu," Sharifah alisema nyuma yake. "Anazililia kwa niaba yangu."

Wakacheka. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho siku hiyo.

"Mmefurahi kuhamia soko jipya?" Hudson aliuliza.

Provia akatazama nyanya zisizo zake.

"Hiyo swali si nzuri," alisema. "Uliza kama tunataka."

Okurut aliinama karibu na sikio lake, lakini hakujisumbua kupunguza sauti. "Vibanda vya kule nagawa mimi. Daftari ni yangu na kalamu ni yangu. Wewe unataka jina lako likae wapi?"

"Afisa, mimi sikuomba kibanda cha kule."

"Na hapa je? Jumatatu hapa ni barabara."

Hudson alitazama saa yake. Akamwinamia Luke, wakanong'ona, kisha akarudi na uso mwingine, laini.

"Tuache hiyo, mama. Luke anataka kupima sauti tu. Sema maneno yoyote. Sema, sisi wauzaji tumekubali kuhama, tumefurahi sana. Ya kupima tu."

Sasa mnisikilize vizuri. Miaka yote hiyo, kabla ya kutangaza, Provia alipima spika kwanza. Fundi aliyekuwa kwenye waya wa spika alimpa maneno, naye aliyarudisha bila kuyafikiria, kwa sauti ile ile pana ya sokoni. Maneno ya kupima hayakuwa ya mtu. Yalikuwa ya waya.

"Sisi wauzaji tumekubali kuhama," Provia alisema. "Tumefurahi sana."

"Safi," Hudson alisema. "Imeingia."

"Imeingia wapi?"

Luke alitazama viatu vyake. Okurut alikuwa ameshaanza kukunja daftari.

"Futa hiyo," Provia alisema. "Ulisema ya kupima."

"Mama, na mimi ni mtu wa kutumwa. Nikirudi bila hiyo, kesho wanaita dairekta mwingine."

"Kwa hivyo unakula kwa mgongo wangu?"

"Rudi kwa samaki wako, nyabo," Okurut alisema. "Umefanya vizuri."

Alivua aproni, akageuka. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma ya meza zao, wakimtazama. Sharifah alichukua beseni lake la nyanya pale mbele, akaliweka upande wa pili, mbali na gunia la mukene.

"Provia," aliuliza, "umekubali?"

"Ilikuwa kupima."

"Nimekuuliza umekubali? Sisi tumeketi mikutano mitatu. Leo wewe unasema tumefurahi?"

Mteja mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa amesimama na kikapu chake, alihamia meza ya jirani, kwenye mkebe uliogongwa kitako.

Ndipo Luke alipomgusa Hudson begani. "Bado dakika moja ya kimya. Lazima nipate sauti ya mahali, niitandike chini ya maneno ya mama. Bila hiyo watajua tumekata."

Okurut akapita huku na huku akiwakemea. Mashine ya kusaga unga wa posho ikazimwa. Bodaboda zikazimwa. Mama mmoja aliambiwa ampe mtoto ziwa. Provia alikuwa hajawahi kulisikia soko hilo likinyamaza mchana. Alisikia mabati yakialika kwa jua, na mbali, kule getini, mlinzi akikohoa. Akajua kwamba mlinzi naye angemsikia yeye.

Luke aliinua mkono. Taa nyekundu ikawaka.

Provia alisimama juu ya gunia lake. Hudson alitikisa kichwa kwa nguvu, kidole mdomoni. Okurut alianza kuja, akakanyaga kwa ncha za viatu ili asiharibu kimya chake mwenyewe. Provia hakuiangalia kamera, kama alivyofundishwa. Alimwangalia Sharifah.

"Ninaitwa Provia Ajambo," alisema, kwa sauti ile ya spika, bila spika. "Nauza mukene, si nyanya. Sharifah ananiuliza kama nimekubali kuhama. Mimi sikukubali kuhama, na hapa hakuna mtu alikubali."