Mionzi Ndani ya Masale

Binti yangu Flavia alinionyesha gemu yake siku ya Jumapili, tulipotoka misa ya kwanza. Alikuwa ameitengeneza kwa miaka miwili chumbani kwake hapa Kilema, pamoja na wenzake wa ng'ambo ambao hajawahi kukutana nao. Ingetolewa Ijumaa.

"Baba, wewe utaangalia tu," alisema.

"Nitacheza." Nilisoma shule ya jioni miaka minne, mchana nikibeba magunia ya kahawa kiwandani Moshi. Kipanya cha kompyuta hakiwezi kunishinda.

Akanieleza. Kinu cha nyuklia kimelipuka huko Ulaya, watu wamekimbia, nchi imejaa mionzi. Mtu unayemchezesha humwoni; unaona mikono yake tu na bunduki, kana kwamba macho ni yako. Mkononi una kipimo. Kikilia taratibu, tembea. Kikilia haraka, ondoka, la sivyo utaugua na kufa. Tena wapo watu wengine, wachezaji wanaoijaribu kabla haijatolewa, walioko makwao duniani kote, wanaokuwinda.

Nikaanza. Nilitumbukia mtaroni mara mbili. Jirani yangu Yakobo, aliyekuja kuazima ngazi, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Baba Flavia, adui yuko kulia, wewe unapiga mgomba!"

"Nyamaza, naizoea."

"Huo mgomba umekukosea nini?" Yakobo alicheka.

Hapo nikaacha kufyatua. "Flavia, migomba imefikaje huko Ulaya?"

Akanionyesha kwa kidole niendelee mbele. Nikapita katikati ya migomba na kuona nyumba ya bati jekundu, yenye vipandio vitatu vya saruji mlangoni, cha kati kimepasuka. Nilivijenga mwenyewe. Ndani, ukutani, cheti changu cha shule ya jioni kilining'inia upande. Kilikuwa na matundu ya risasi.

Yakobo akaacha kucheka.

"Wenye gemu walituambia kila mmoja atengeneze nyumba moja iliyoachwa," Flavia alisema. "Nyumba ninayoijua ni hii."

"Hii haijaachwa. Mimi nimo ndani."

Nikazunguka nyuma, maana nilijua kilichoko huko. Kaburi la mke wangu Digna, limezungukwa na mimea ya masale, vilevile kama lilivyo hatua ishirini kutoka pale nilipokuwa nimekaa. Nilipovuka masale yale, kipimo kilinyamaza kabisa.

"Ni hapo tu," Flavia alisema kwa sauti ndogo. "Katika ramani nzima ni hapo tu hakuna mionzi. Mtu akifika kwa Mama anapumzika, anapona."

Kwetu masale ni mpaka, na ni amani. Ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye hana njia ya kukataa kukusamehe. Hakuna mtu wa hapa atakayeinua hata fimbo mbele ya kaburi lililozungushiwa masale. Flavia alidhani dunia nzima inajua hivyo.

Risasi zikalia. Kioo kikawa chekundu. Nilikuwa nimekufa juu ya kaburi la mke wangu, na sauti ya kijana ilikuwa ikicheka kwa lugha nisiyoijua. Kabla kioo hakijazima niliwaona wengine waliouawa pale, kumi, labda kumi na mbili, wamelaliana juu ya saruji.

"Wachezaji wengine wanajificha kwenye mibuni ya kahawa hapo pembeni," Flavia alisema. "Wanajua kila mgonjwa lazima aje hapa kupona. Walianza wiki iliyopita. Wamepaita machinjioni."

"Ulijua."

"Nilijua, Baba."

"Litoe kaburi."

"Siwezi. Ramani imefungwa, na kazi ni mali ya wenye gemu, nilitia sahihi. Ninachoweza kugusa ni namba za mionzi tu, mwisho kesho. Ndiyo maana nimekuonyesha."

Yakobo aliaga, akaisahau ngazi.

Nilitoka nikakaa kaburini, kaburi lenyewe, nikang'oa magugu ambayo hayakuwa mengi. Baada ya muda Flavia alikuja, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Alikuwa amelikata mpakani kwa Yakobo, si kaburini kwa mama yake. Adabu hiyo alikuwa nayo. Nililipokea. Kukataa nisingeweza, wala sikutaka.

"Ukiweka mionzi hapa," nilimwuliza, "watakuja?"

"Nikiweka mingi, hakuna atakayekaribia."

"Basi weka."

"Baba, nimwekee Mama sumu?"

"Weka."

Tulirudi kwenye kompyuta, akaandika namba huku machozi yakimdondokea mikononi. Nilimwuliza kwenye kinu chenyewe kilicholipuka aliweka ngapi. Akanitajia. Nikamwambia aweke hiyohiyo.

Kisha nilichukua kipanya, nikaanza upya, nikarudi kule kwa miguu, kupitia mtaroni, kupitia migombani. Penye kahawa kipimo kilianza kulia. Nilipovuka masale kililia kama bati linalopigwa na mvua ya mawe. Nilisimama pale mpaka ile mikono ya kwenye kioo ikatetemeka na kuiachia bunduki. Hakuna aliyekuja kunipiga. Maiti zilikuwa zimeondoka, na saruji ya Digna ilikuwa wazi.

Niliutia mkono mfukoni, jani la isale lilikuwamo. Flavia akauliza kama apunguze sauti ya kipimo.

Nikamwambia aiache.