Mrija wa Anatoli

Hapa Kirushya, mtu akipika rubisi, yaani pombe yetu ya ndizi, hanywi peke yake. Chungu kinakaa katikati, mirija inazunguka, na jirani aliyealikwa akibaki kwake, tafsiri ni moja tu: anadhani mmemwekea kitu. Ukishafika hapo hakuna wa kukusaidia kupalilia, na ukifiwa utachimba kaburi mwenyewe. Anatoli alikuwa hajagusa mrija wa mtu tangu mvua za vuli.

Huyu ndiye alikuwa fundi wetu wa migomba. Kila shamba aliitwa yeye kupunguza majani na kukata maua ya mikungu. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata mgomba ukikatwa unamshukuru. Niliusikia kwa masikio yangu, ingawa mke wangu anasema ulikuwa upepo.

Kisha mnyauko ukaingia. Majani yakalegea, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Bwana shamba akaja, akatuambia ugonjwa huu unatembea na panga lisilopitishwa motoni. Watu wakaguna, wakang'oa migomba, wakapanda mihogo. Anatoli alirudi nyumbani na yale maneno, na tangu siku hiyo akaacha kutoka.

Asubuhi moja mkewe, Esperansia, alinikuta nachambua maharage.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Agripina. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Yuko nyuma ya nyumba. Usiku halali, anasema moyo unakimbia. Mchana anakaa kama gunia. Alipimwa malaria, hana, basi mama mkwe anasema huo ni uvivu." Akakaa kwenye kizingiti. "Kwa Rogasian wamepika leo, ndizi za kununua. Asipokwenda, mimi narudi kwetu Kanazi. Kisimani wananipisha kama nina upele, baba. Na nyumbani naishi na mtu ambaye hayupo."

Nikaenda. Nilimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ndevu zimemwota ovyo. Nikaanza na dawa yangu ya siku zote. Nikamweleza habari za mbuzi wa marehemu baba mkwe wangu kule Nyabusozi, aliyezoea kwenda misa hadi akawa anapiga magoti kabla ya katekista, na Ijumaa Kuu akakataa majani. Zamani Anatoli angeuliza kama alitoa na sadaka. Siku hiyo alinitazama mdomo tu, akisubiri nimalize.

"Mzee Methusela," akasema, "shamba la Rogasian umeliona?"

"Nimeliona. Mihogo."

"Na la Ndikumana?"

"Mihogo pia. Sote ni mihogo, Anatoli. Tutaota mizizi."

"Nilianza kwa Ndikumana asubuhi, mchana nikaenda kwa Rogasian. Panga lilelile."

Ndipo nikaelewa. "Kumbe pombe yao huiogopi."

"Naiogopaje? Naona aibu kuinywa. Nikimwona mtu njiani, nasema huyo anakuja kuniuliza. Akipita, nasema atakuja kesho."

"Basi leo twende ukawaambie. Ukisema, litakutoka. Ukinywa nao, limekwisha."

Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyezoea kuaminiwa akidanganya. Akaniamini. Esperansia alimletea shati safi, akamfunga vifungo mwenyewe.

Tulipoingia kwa Rogasian, maongezi yalikatika.

"Leo bwana mkubwa ametukumbuka," Rogasian akasema. "Ngoja nimwonjee kwanza, asije akatufia hapa."

Wakacheka, si kicheko kizuri. Rogasian akanywa, akampa mrija. Anatoli akaushika, mrija ukawa unagonga ukingo wa chungu.

"Migomba yenu niliiua mimi," akasema. "Kwa panga langu."

Rogasian akamtazama Ndikumana. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa.

"Muda wote huu, Anatoli? Sisi tulidhani unasema tumekuloga. Panga gani? Langu mimi unajua limelala kwa nani na nani bila kuona moto?"

"Langu lilifika hadi kwa padri," Ndikumana akasema. "Kunywa, ndugu yetu. Yameisha."

Akanywa. Mikono ikampiga mgongoni, mtu akaanzisha wimbo, na mimi nikajiona daktari wa wilaya.

Njiani nikamuuliza anajisikiaje.

"Wamenisamehe."

"Si nilikuambia?"

Akatembea kidogo, akaweka kiganja kifuani. "Nilidhani wakinisamehe nitapumua. Humu ndani ni vilevile, mzee. Na sasa sijui hata ni kwa sababu gani."

Nikamfikisha mlangoni kwake, nikamkabidhi kwa mkewe.

Majirani walikuja kumlimia. Hakutoka nje. Wakaja tena, hakutoka. Rogasian akaniuliza kwa uchungu, "Si tulimaliza? Sasa anataka tumpigie magoti?" Na kweli, kabla ya siku ile walikuwa na hasira naye, na mtu uliyemkasirikia unamfikiria. Baada ya kumsamehe wakamsahau.

Esperansia aliondoka na Agripina kwa bodaboda, godoro dogo limefungwa nyuma. Hakuwa amekasirika. Alinipa mkono akasema, "Baba, siku zote nilikuwa nangojea anywe nao. Amekunywa. Sasa nikae nangojea nini?"

Mamaye humpelekea ugali, akirudi analaani. Mimi huenda nikakaa naye pale nyuma, penye visiki vilivyooza. Jana nilimpigia hadithi ya mamba wa mto Ruvubu aliyeoza jino akaja kijijini kutafuta wa kuling'oa. Alipofika mlangoni kwa mganga nikanyamaza makusudi, nione kama ataniuliza kilichotokea.

Hakuuliza. Nikangoja, ng'ombe wakapita kurudi zizini, tukaendelea kukaa.