Baada ya Thelathini na Moja

Mshonaji alikuwa ameanguka mara sita tangu ajifungue, na mara ya sita alikuwa amembeba mtoto. Mtoto hakuumia, lakini wifi yake alimchukua siku ileile.

"Hospitali wakikuta ugonjwa, nakurudishia," alisema. "Wasipokuta, basi unajiangusha mwenyewe, na mtoto anabaki kwangu."

Ndiyo maana alijilaza bila ubishi kwenye kitanda chembamba cha chumba cha vipimo. Mpimaji, mama mmoja wa makamo, akambandika nyaya kifuani na kumfunga mikanda miguuni na kiunoni.

"Kitanda kitasimama na wewe. Ukisikia kizunguzungu, hesabu kwa sauti. Usiache."

Nyuma ya pazia wifi alikuwa amekaa, mtoto mgongoni. "Wifi, leo uanguke kwa adabu. Tuko ugenini."

"Nimefungwa kama mzigo, nitaangukia wapi?"

Kitanda kikainuka polepole mpaka akawa wima. Dakika kumi, kumi na tano, hola. Akaanza kuogopa kwamba mwili wake utamsaliti kwa kuwa mzima. Kisha jasho la baridi likamtoka, masikio yakaziba.

"Moja. Mbili. Tatu..."

Kwenye thelathini na moja, giza.

Alipofumbua macho kitanda kilikuwa kimelazwa, na wifi ameshafunua pazia. "Umeona, dada? Huyu hakuzimia! Kahesabu mpaka arobaini na mbili, hata moja hakuruka!"

Mpimaji alikuwa akivuta karatasi ya mashine. Vilima vidogo vidogo vya mapigo, halafu mstari ulionyooka kama uzi uliovutwa.

"Moyo ulisimama hapa. Sekunde kumi na moja." Akaupitishia mstari ule kidole. "Na mimi nilimsikia akihesabu."

"Mimi niliishia thelathini na moja," mshonaji alisema.

Wifi akarudi nyuma ya pazia.

Daktari aliisoma karatasi, akaamua awekewe kifaa cha kuuamsha moyo keshokutwa. Ugonjwa umeonekana. Wifi akatimiza ahadi hapohapo kwenye korido: akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi kwa mikono iliyonyooshwa mbali, akarudi nyuma hatua mbili.

Mshonaji akakaa kwenye benchi, akamvua mtoto soksi. Tangu azaliwe alikuwa akimhesabia vidole vya miguu, na mtoto hucheka kwenye "moja". Akashika kidole gumba.

"Arobaini na tatu," mdomo wake ukasema.

Mtoto akacheka vilevile.