Kompyuta Iliyonyamaza

Programu yangu ya kudarizi haikai ndani ya kompyuta. Inakaa kwenye flashi, na aliyeniuzia mashine aliipanga hivyo makusudi: ukichomoa flashi, programu imekufa. Yeye mwenyewe alishafunga duka na simu yake haiiti. Kwa hiyo flashi ile ndiyo kazi yangu yote. Humo mna programu, na humo mna nembo za kila shule, kila hoteli na kila timu iliyowahi kuniletea nguo, nilizozichora mshono kwa mshono. Nakala sikuwa nayo. Usiniulize kwa nini. Nina watoto wanne.

Sasa kila nikiifungua programu hiyo, kompyuta inahoji. "Mtengenezaji wa programu hii hajulikani. Una uhakika unataka kuifungua?" Nabonyeza ndiyo. Programu ya herufi nayo inahojiwa. Ndiyo. Ya rangi. Ndiyo! Ya kupeleka mchoro kwenye mashine. Ndiyo, mwanangu, ndiyo! Ni kama kuwa na mlinzi anayemdai mwenye nyumba kitambulisho kila akitoka chooni.

Nikalalamika mbele ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Injinia kwa sababu anatengeneza simu kwenye kibanda chake jirani na kwangu. Injinia haambiwi tatizo mara mbili.

"Shemeji, hilo tu? Hebu sogea."

Akabofya hapa, akabofya pale, na kompyuta ikanyamaza. Nikampa chai na sifa tele. Siku zilizofuata nilifanya kazi kama malkia.

Ndipo mwalimu wa kwaya akaja na flashi yake. Kwaya ilikuwa na tamasha Jumamosi, na majoho yao yalikuwa yamekunjwa mezani kwangu yakisubiri nembo tu. Nikaichomeka kando ya yangu, nikaona kipicha kilichoandikwa "nembo mpya", nikabofya mara mbili. Dirisha jeusi likachomoza na kutoweka kabla sijapepesa jicho. Nembo haikufunguka. Na hakuna aliyeniuliza kitu.

Mwenye watoto wadogo anajua. Wakipiga kelele sebuleni, endelea kukaanga vitunguu. Wakinyamaza ghafla, acha sufuria ukimbie. Nikachomoa flashi yangu kama ninayetoa mkono motoni.

"Vipi tena, mama?" mwalimu akauliza.

"Kaa hapo hapo. Injinia! We Injinia!"

Akaja na bisibisi mdomoni.

"Ulifanya nini kwenye kompyuta yangu?"

"Nilizima maonyo."

"Ya programu yangu?"

"Yote."

"Yote?"

"Si ulisema yanakukera?"

"Hata watoto wa kaka yako wananikera, shemeji. Umeona nimewazima?"

Mwalimu akacheka, halafu akajifanya anakohoa.

Injinia akaipeleka flashi yangu kibandani kwake, kwenye kompyuta yenye dawa ya virusi. Nilimfuata mguu kwa mguu. Folda zangu zote zilikuwepo kwa majina, lakini kila moja ilikuwa ganda tupu. Kazi ya miaka, jamani, hewa.

"Usilie kwanza," akasema. "Kirusi hiki hakifuti. Kinaficha folda za kweli, kinaweka za bandia, ili ukizibofya kisambae zaidi. Subiri."

Akaua za bandia, akafichua za kweli. Sikumwamini kwa maneno. Nilifungua moja baada ya nyingine: simba wa timu ya mpira, kikombe cha hoteli, kitabu cha shule ya msingi. Zote nzima. Hapo ndipo nilipovuta pumzi.

Tukarudi kwangu, akaisafisha kompyuta yangu nayo, na nembo zangu zote nikazinakili humo kabla sijapata kisingizio kingine.

"Sasa rudisha maonyo," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote. Halafu programu yangu na zile ndogo zake tatu, ziweke kwenye orodha ya zinazoaminika. Hizo tu."

"Tuiamini flashi nzima, shemeji, ni rahisi zaidi."

"Hapana. Nikimkaribisha mgeni, sijakaribisha kila kilichojificha kwenye begi lake."

Akaguna, akafanya. Programu yangu ikafunguka bila swali. Safi.

Akabaki mwalimu, ambaye alikuwa amevimba kwa kusikia kirusi kimetoka kwenye flashi yake.

"Mama, flashi yangu ina nyimbo za sifa tupu. Labda ni kompyuta yako."

"Kirusi hakiokoki, mwalimu. Njoo uone mwenyewe."

Nikachomoa flashi yangu nikaishika mkononi, nikachomeka yake, nikamwachia kiti. Injinia alifungua mdomo; nikamtazama, akaufunga. Mwalimu akabofya ile nembo mpya. Safari hii dirisha likatokea: mtengenezaji hajulikani, una uhakika unataka kuifungua? Akasoma kwa sauti. Akasoma tena, polepole, kama anayetafuta noti ya kuanzia wimbo.

"Lakini hii si picha?"

"Picha haiulizwi hivyo. Hiyo ni programu iliyovaa joho la picha. Kama una uhakika nayo, bonyeza ndiyo."

Mkono wake ukaelea juu ya kipanya. Injinia akaanza kusogea kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Hapana," mwalimu akasema, akabonyeza hapana kwa kidole kimoja, kama anayemgusa nge. Akajifuta jasho. "Nembo ninayo kwenye simu pia. Nikutumie?"

"Unayo kwenye simu?"

"Tangu jana."

"Na hukusema?"

"Hukuniuliza, mama."

Injinia akaangua kicheko hadi bisibisi ikamdondoka mkononi. Nikamwonyesha mlango, nikapokea nembo, nikachomeka flashi yangu na kuvuta joho la kwanza kwenye fremu ya mashine.