Siku Kumi na Tano za Moyo wa Chiriku

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Hata akila anaongea. Mimi namwita mke wangu, kama babu yeyote, na yeye ananijibu, "Mume gani wewe, meno yenyewe mawili!" Ana miaka ishirini na sita na mabega kama ya mpakia mizigo, maana tangu amalize shule anakanda unga na mimi pale kwenye bekari yetu.

Mashine ya kukandia ilikufa zamani, siku hizi tunaanikia vitambaa juu yake. Tunakanda kwa mikono. Watu wawili mnasimama mnatazamana, katikati hori refu la mbao, ndani donge zito kama mtu aliyelala. Mmoja anapiga ngumi, akiinua tu mwenzake anapiga. Ukichelewa kidogo mnagongana vidole. Kwa hiyo hakuna anayeijua pumzi ya mtu kama anayekanda naye. Hilo ndilo linaloniuma. Kila asubuhi nilikuwa namtazama usoni.

Alishikwa na mafua, haya haya ya kila mtu, na homa, na mwili kuuma. Mama yake, yaani binti yangu, akamwambia alale wiki nzima. Siku ya tatu nikaenda kumgongea mlango. Sisi watu wa tanuri homa tunaitoa kwa jasho: unakanda, unasogea motoni, unalowa, jioni umepona. Mimi nimefanya hivyo miaka arobaini.

"Mke wangu, amka. Kitanda kinakuzidishia ugonjwa."

Akaja. Siku hiyo hiyo akasimama katikati ya kazi, mkono kifuani.

"Babu, moyo umeruka."

"Umeruka kwenda wapi? Umeona mchumba?"

"Kweli, babu. Umekaa kimya kidogo, halafu ukakimbia kama umefukuzwa."

"Kanda, utarudi wenyewe."

Tukacheka. Lakini kesho yake ukaruka tena, na keshokutwa. Akawa anachelewa zamu yake, tunagongana, namfokea. Akibeba nusu gunia anakaa chini anahema. Na maneno yakampungua. Chiriku kanyamaza, na mimi, mzee mzima, nikafurahi kwamba leo tunafanya kazi bila kelele! Halafu nikamwambia neno baya kuliko yote: "Mama yako usimwambie. Atakufungia ndani."

Siku kumi na nne zikapita hivyo. Ya kumi na tano akaanguka, uso ndani ya unga.

Hospitali wakambandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na mistari inayopanda na kushuka bila mpango. Kesho yake daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akavuta kiti, akatueleza polepole.

"Tunadhani virusi vya yale mafua vimefika kwenye misuli ya moyo, misuli imevimba. Sasa moyo, mzee, unapiga kwa umeme wake wenyewe, na umeme huo unapita humo humo kwenye misuli. Ukifika palipovimba unakwama, au unapotea njia. Ndiyo maana unaruka, au unakimbia ovyo. Na kazi ngumu inaongeza hatari."

Akashika kalamu. "Niambieni ukweli. Moyo ulianza kuruka lini? Kama ni jana tu, na vipimo vikitulia, huenda nikamruhusu mapema. Kama ni siku nyingi, tena anafanya kazi nzito, hatoki hapa. Lazima tumwangalie kwenye mashine usiku na mchana."

Binti yangu akadakia, "Ni jana, daktari. Huyu angekuwa na kitu, masikio yangu yangejua kabla yake!"

Daktari akamgeukia mgonjwa. Chiriku akanitazama mimi kwanza. Kisha akasema, "Ndiyo. Jana tu."

Alikuwa ananikinga. Amelala pale midomo imempauka, kaufunika uovu wangu kama mtu anavyomfunika mtoto shuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaacha uongo upite. Nikaitazama kalamu ikiandika.

"Futa," nikasema.

"Babu!"

"Futa, daktari. Ni siku kumi na tano. Mimi ndiye niliyemtoa kitandani na homa yake. Aliniambia moyo unaruka, nikamtania. Nikamkataza asimwambie mama yake."

Binti yangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Nakuuliza mezani kwangu mtoto ana nini, unaniambia uvivu?"

"Ndiyo."

Akageukia dirisha.

Daktari akachukua karatasi nyingine. Chiriku abaki kwenye mashine, apigwe picha ya moyo, halafu miezi mitatu mpaka sita asiguse kazi nzito hadi vipimo viseme.

"Atapona?" nikauliza.

"Wengi wanapona, mzee. Kuahidi siwezi."

"Miezi sita!" Chiriku akasema kwa sauti ndogo. "Mume wangu, nipe talaka yangu."

Nikacheka peke yangu, na kicheko kikageuka kitu kingine.

"Baba," binti yangu akasema bila kugeuka, "nenda nje."

Leo ni siku ya tatu niko kwenye benchi la korido. Binti yangu anapita na nguo, anapita na maji, haniangalii, na mimi simsemeshi, kwa uso gani? Asubuhi hii kapita kama kawaida. Ila safari hii akasema, huku anatembea, "Tangu alfajiri moyo umeruka mara mbili tu."

Nikasema asante. Alishafika mlangoni.